Mwanangu alipolisimamisha jua

Mpenzi msomaji, umewahi kudanganywa na mtoto wa miaka kumi, kisha ukauchambua uongo wake neno kwa neno usipate mahali pa kuushikia? Mimi yamenifika. Na kwa kuwa huenda nawe una mtoto, mdogo wako au mpwa ambaye macho yake hayabanduki kwenye kioo cha simu au tarakilishi, nimeona si vyema nikae na kisa hiki peke yangu.

Mambo yalianza wakati wa likizo ya Aprili. Kifungua mimba wangu, mvulana aliye katika Gredi ya 5, alikuwa amepagawa na mchezo uitwao Minecraft. Iwapo huujui, ni mchezo ambao mtoto huachiwa ulimwengu mpana usio na njia moja ya kufuatwa. Huchimba mawe, hukata miti, hulima, hufuga kondoo na kujenga nyumba kwa matofali ya mraba. Wala si ulimwengu uliolala. Jua huchomoza mashariki, hupanda, hushuka na kuzama magharibi, kisha mwezi hutokea, na pamoja nao mazimwi ya kila aina.

Mama watoto, ambaye hana mzaha na masuala ya masomo, alitaka kuupiga marufuku mchezo huo mara moja. Mwanangu akaja na pendekezo. "Mama, niruhusu siku tatu za mchezo tu kila jioni, baada ya kazi ya shule. Zikiisha nazima mwenyewe."

Tulipouliza siku tatu za mchezo ni muda gani, alitupigia hesabu bila kusita. Siku moja, mchana na usiku wake, ni dakika 20. Dakika 10 ni za mchana, dakika saba hivi ni za usiku, na zilizosalia hugawanywa baina ya magharibi na alfajiri. Kwa hiyo siku tatu ni saa moja kamili. Tukatazamana na mama watoto, tukaona ni haki. Nakiri hata nilijipongeza kwa kumzaa mtoto ajuaye kujadiliana.

Mkataba huo ulifanya kazi barabara kwa wiki kadhaa. Mama watoto akiwa jikoni angeuliza, "Siku ya ngapi sasa?" Jibu lingekuja, "Ya pili, mama," na muda si muda, "Ya tatu inaisha." Tarakilishi ingezimwa, mtoto angekwenda kuoga, na amani ingetawala katika nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Umoja.

Shule zilipofunguliwa muhula wa pili, mambo yakaanza kwenda mrama. Nikirudi kazini saa tatu usiku, namkuta mama watoto amenuna. "Mwanao ameketi hapo tangu saa kumi na mbili," angesema. "Kila nikimwuliza ni siku ya ngapi, ananiambia bado ni ya kwanza." Nami kwa uchovu wa foleni ya magari ya Jogoo Road ningejibu kuwa labda ni makosa ya hesabu, kisha ningekula na kulala. Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa ameshafukuzwa kitandani.

Jumamosi moja nikaamua kuwa mpelelezi. Niliketi nyuma yake na gazeti langu, nikijifanya nasoma. Jua la mchezo lilikuwa utosini. Nikasoma ukurasa wa michezo, nikamaliza. Jua bado utosini. Nikaenda kunywa chai, nikaongea na jirani mlangoni, nikarudi. Wapi! Jua halikuwa limesogea hata upana wa ukucha.

"Ni siku ya ngapi?" nikamwuliza.

"Ya kwanza, baba," akajibu kwa sauti ya chini, wala hakugeuka.

Hakuwa amesema uongo. Siku ya kwanza ilikuwa haijaisha, kwa sababu mwanangu alikuwa amelisimamisha jua.

Kabla ya kumtolea hukumu nilimwita shahidi wa kwanza, ambaye pia nilimshuku kuwa mshirika. Huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo kikuu na ambaye hukaa nasi. Tarakilishi ni yake.

"Mjomba, si mimi niliyemtuma," akaanza kujitetea. "Aliniuliza tu kama jua linaweza kusimamishwa. Nikamwambia kuna amri unaiandika, na mzunguko wa mchana na usiku unasimama."

Kijana huyu akaketi kunieleza, nami nikasahau kuwa nilikuwa nimekasirika. Alinionyesha kwamba saa ya Minecraft haianzi usiku wa manane kama saa ya Kizungu. Huanza jua linapochomoza. Mchezo huhesabu midundo midogo, 20 kwa kila sekunde, na midundo 1,000 ndiyo saa moja ya mchezo. Ukitaka iwe adhuhuri, nambari yake ni 6,000. Machweo ni 12,000. Usiku wa manane ni 18,000. Hebu soma nambari hizo tena, msomaji, kwa jicho la Mswahili. Elfu moja ni saa moja asubuhi, elfu sita ni saa sita mchana, na elfu kumi na mbili ni saa kumi na mbili jioni! Mchezo uliobuniwa kule Sweden unahesabu saa vile alivyohesabu bibi yangu, ambaye hakuwahi kuvaa saa mkononi.

Mpwa wangu mwenyewe si mpenzi wa Minecraft. Wake ni Skyrim, mchezo wa mapanga na majoka uliotoka mwaka wa 2011. Humo dakika moja ya kwetu ni dakika 20 za mchezo, hivi kwamba siku nzima huisha kwa dakika 72. Maduka ya mjini hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Unatoka kijijini asubuhi ukiwa na ngozi za kuuza, unatembea kwa mguu dakika chache tu, unakatiza mto, unapigana na mbwamwitu wawili, na ukifika mjini unakuta giza limeingia na mwenye duka amefunga.

"Inaudhi, mjomba," akasema. "Kwa hivyo mimi nimepunguza mwendo wa saa kutoka 20 hadi 10. Siku inakuwa dakika 144. Unatembea, unatazama milima, na jua linakungojea kidogo."

Nikamwuliza kwa nini basi asipunguze hadi moja, saa ya mchezo iwe sawa na saa ya ukutani. Akacheka. Alisema aliwahi kujaribu akajuta. Mwenye duka huletewa bidhaa mpya kila baada ya saa 48 za mchezo. Ukiweka moja, utangoja siku mbili za hapa Nairobi, isipokuwa uulazimishe mchezo kulala. Usiku nao ukiingia ni usiku wa kweli, saa baada ya saa gizani. Tena wachezaji huonyana kwamba ukipunguza mno, baadhi ya mambo yaliyopangiwa saa zake huanza kwenda kombo.

Jambo hili la kupima mwendo wa saa limewashughulisha watengenezaji wa michezo kwa miaka mingi. Yupo asiyemkumbuka CJ wa San Andreas, mchezo wa mwaka wa 2004 ambao ulienea hapa kwetu kama moto wa nyikani? Humo kila sekunde ni dakika, na siku ni dakika 24. Katika GTA V ya mwaka wa 2013 waliongeza maradufu, siku ikawa dakika 48. Mwaka wa 2000 ulikuwa umetoka mchezo wa Zelda uitwao Majora's Mask, ambamo mwezi unaianguka dunia baada ya siku tatu, nazo siku hizo tatu huisha chini ya saa moja. Mchezaji aliyelemewa hupiga wimbo fulani kinyumenyume kwenye filimbi yake, na saa ikaanza kujikokota.

Upo na mchezo mmoja uliokataa ujanja wote huo. Ni Animal Crossing, uliotokea Japani mwaka wa 2001. Humo saa ni ile ile ya ukutani mwako. Kwako kukiwa usiku, kijijini mwa mchezo pia ni usiku na duka limefungwa. Mpwa wangu anasema watu wengi huishia kuichokoa saa ya mashine ili wapate mchana. Unaona ni kwa nini. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku angecheza mwaka mzima asione jua la kijiji chake hata siku moja.

Maneno hayo ya mwisho yalinikaa kooni, ingawa wakati huo sikujua kwa nini.

Nisijifanye mtakatifu mbele yako, msomaji. Mwaka wa 2009, nikiwa mwanafunzi wa uanahabari hapa jijini, nilikuwa mteja mwaminifu wa saiba moja iliyotoza shilingi moja kwa dakika. Pale nilimwendesha CJ barabara zote za Los Santos. Alasiri moja nilisema nimalize siku moja tu kisha niende mtihani wa uhariri uliokuwa saa tisa. Siku moja ni dakika 24, nikaona muda ninao. Nikaimaliza, nikaanza nyingine. Nilipotoka nje, taa za barabarani zilikuwa zimewashwa, mfukoni hakukuwa na nauli, na mtihani niliurudia muhula uliofuata kwa ada aliyoilipa mama baada ya kumuuza mbuzi. Mama hakuwahi kuambiwa sababu ya kweli. Anaisoma leo, kama amenunua gazeti.

Nayasimulia haya ili uelewe hasira niliyoingia nayo chumbani jioni ile. Nilimwona mwanangu akianza safari niliyoifahamu. Nilikuwa tayari kuichukua tarakilishi na kuifungia kabatini hadi Desemba.

"Umetudanganya," nikamwambia.

"Sikudanganya, baba. Mlisema siku tatu."

"Na ukaisimamisha ya kwanza ili isiishe!"

Akanyamaza. Alikuwa akichezea ukingo wa shati lake, jinsi afanyavyo akitaka kulia na hataki uone. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Ulisema utaiona nyumba yangu. Wakati wa Pasaka."

Nilikumbuka. Kweli alikuwa amenieleza juu ya nyumba aliyokuwa akiijenga, yenye roshani na dirisha kubwa la vioo upande wa machweo, nami nikamwahidi kwamba nitaketi naye anionyeshe. Niliahidi Pasaka, nikaahidi tena shule zilipofunguliwa. Kila jioni alikuwa akingoja. Akicheza, jua lilitua, mazimwi yakatoka, akalazimika kulala kitandani mwa mchezo ili kupambazuke. Siku tatu zikaisha, mama akaamuru azime, nami bado nilikuwa kwenye foleni ya magari. Basi akamwuliza binamu yake kama jua linaweza kusimamishwa.

"Nilitaka ukija ukute bado ni mchana," akasema. "Usiku haionekani vizuri."

Msomaji, nilivuta kiti.

Akanitembeza. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko hii tunayoilipia kodi. Nyuma yake kulikuwa na shamba la ngano, karoti na viazi. Akanieleza kwamba mimea huendelea kukua hata jua likiwa limesimama. Akanieleza pia juu ya ndege wabaya wa usiku ambao humshambulia mchezaji asiyelala siku tatu mfululizo, na kwamba jua lisipotua hawatokei. Nikaona kweli alikuwa amejipatia ulimwengu usio na hatari, ambamo mavuno huja na usiku hauji. Mtu angetamani nini zaidi?

Kando ya shamba kulikuwa na kijiji. Wanakijiji wa Minecraft ni watu wenye pua ndefu na majoho, na kila mmoja ana kazi yake. Yupo mkulima, yupo mhunzi, yupo mtunza maktaba. Nikamwuliza mbona wamesimama vile, kila mmoja mbele ya kazi yake, wakiinamisha vichwa na kuinua.

"Hao?" akasema. "Hawaendi nyumbani tena. Jua likitua ndiyo wanaenda kulala kwa vitanda vyao. Sasa halitui, kwa hivyo wako kazini tu."

Hakusema kwa kunisuta. Ni mtoto anayeeleza jinsi mchezo unavyokwenda. Lakini nilimtazama yule mhunzi aliyesimama mbele ya tanuri lake tangu mwezi wa Mei, nikahisi uso ukiniwaka moto. Nilifikiria dawati langu, taa za ofisi zinazofanya saa mbili usiku ifanane na saa nne asubuhi, na makala ambayo daima inahitaji aya moja zaidi.

"Hebu liachilie jua," nikamwambia.

"Kuwe usiku?"

"Kuwe usiku. Niko hapa."

Akaandika amri yake fupi. Mwanzoni hukuona kitu, kisha vivuli vikaanza kusogea. Kutoka adhuhuri hadi machweo katika mchezo ule ni dakika tano tu. Alasiri ilipofika wanakijiji waliacha kazi wakakusanyika penye kengele ya kijiji, wakawa wanatazamana kama watu wanaopiga soga. Sisi tulikwenda kusimama penye lile dirisha kubwa la vioo. Jua likashuka, jekundu na la mraba, likazama nyuma ya vilima. Mwanangu akaniita nitazame upande wa pili, haraka. Mmoja mmoja, wanakijiji walikuwa wakirejea nyumbani. Mkulima akafungua mlango, akaingia. Yule mhunzi akafuata, akajilaza kitandani.

"Wamelala," mwanangu akanong'ona, kana kwamba wangesikia. Hata mama watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi akingoja kusikia adhabu, hakusema neno.

Usidhani mambo yaliishia kwa machozi na kukumbatiana. Adhabu ilikuwepo. Wiki nzima tarakilishi haikuguswa, kwani ujanja ni ujanja hata ukiwa na sababu njema, na mama yake alikuwa amefanywa mjinga ndani ya nyumba yake. Alimwomba mama msamaha. Mkataba nao tukauandika upya. Muda sasa hupimwa kwa saa ya ukutani, ambayo haipokei amri ya mtoto wala ya binamu yake. Ni dakika 60, na wikendi 90.

Nakushauri nawe ufanye hivyo. Mtoto akikuomba "siku moja tu" ya mchezo, mwulize siku hiyo ina dakika ngapi. Yaweza kuwa 20, yaweza kuwa 72, na kama ni hodari yaweza kuwa haina mwisho. Lakini pia keti umtazame anavyocheza walau mara moja. Mimi nilikuwa nimeishi na mchezo ule miezi mitatu nyumbani mwangu na kitu pekee nilichojua juu yake ni saa ya kuuzima.

Na sehemu ya pili ya mkataba ilinihusu mimi. Mwanangu hakuidai. Ni mama watoto aliyeniuliza, mtoto alipokwisha kulala, "Na wewe Baba Watoto, adhabu yako ni gani?" Nilitaka kujitetea kwa foleni ya Jogoo Road, lakini tuseme ukweli, foleni ni kisingizio cha nusu saa tu. Saa zilizobaki nilikuwa nikizitoa ofisini kwa hiari yangu. Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Nami nilikuwa nikipigana nao kila jioni nikiamini kuwa nashinda.

Nikazungumza na mkubwa wangu kazini. Jumatano huwa naingia alfajiri, na saa kumi alasiri naondoka, iwe makala imekamilika au imebaki na aya moja. Si ushindi mkubwa. Ni jioni moja katika saba, na Jumatano mbili tayari zimenipotea kwa sababu ya kazi za dharura. Mwanangu aliniandikia deni lake nyuma ya daftari la hesabu, nami namlipa polepole.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua halina mengi ya kutushangaza. Mwaka mzima huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi na kutua baada ya saa kumi na mbili. Wiki iliyopita niliteremka kwenye matatu likiwa bado juu ya paa za ploti, nikawakuta wanawake wakikaanga samaki kando ya barabara na watoto wakicheza kandanda uwanjani. Miaka sita nimeishi mtaa huu, na sikujua kuwa jirani yangu wa ghorofa ya kwanza hufuga njiwa. Nilisimama nikawatazama wakirudi kiotani.

Kisha nikapanda ngazi. Mwanangu alikuwa mezani akimaliza kazi ya shule. Alitazama dirishani, akanitazama mimi, akatazama dirishani tena.

"Baba, bado ni mchana," akasema.

"Naona," nikamjibu. "Maliza hesabu twende."